Swali la Kumi na Tisa

Fomu ilikuwa na maswali ishirini na mawili, na karibu yote Nuria aliyajibu akiwa amesimama jikoni, simu mkono huu, mwiko mkono ule. Jina. Umri, ishirini na tisa. Kundi la damu. Unaugua bahari? Kidogo, siku mbili za mwanzo. Unaweza kushika zamu ya usukani peke yako kwa saa nne? Naweza. Umewahi kupika kwenye boti inayoyumba? Hapo alicheka, maana kwa miaka minne alikuwa amewakaangia watalii ngisi kwenye boti za Nungwi huku sufuria amezifunga kwa kamba zisimkimbie.

Swali la kumi na tisa ndilo lililomkalisha chini. Liliuliza hivi: ukifariki tukiwa mbali na nchi kavu, mwili wako ufanyweje?

Lilikuwa swali la haki. Kapteni Soren na mkewe Kirsten, Wadenmaki wawili wenye mvi, walikuwa na yoti ya mita kumi na nne iliyotia nanga Shelisheli, na walitaka kuivusha hadi visiwa vya Cocos, huko karibu na Australia. Siku ishirini na tano za maji matupu. Walihitaji mtu wa tatu anayejua kupika na anayejua kamba. Boti yenyewe haikuwa na pa kuhifadhia maiti, na miaka sita nyuma kapteni alikuwa amefiwa na baharia katikati ya safari, akamzika majini, na ndugu wa marehemu hawakumsamehe mpaka leo. Tangu hapo akajiwekea sharti. Kila anayepanda boti yake aandike jibu la swali hilo, kisha mtu wa damu yake apige simu na kusema kwa mdomo wake kwamba analijua na amelikubali. Bila sauti ya ndugu, hakuna safari. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana kwa saa za Shelisheli, yaani saa tano za Kibaha, kwao Nuria. Ndege ilikuwa Jumapili.

Nuria aliandika, "Nizikwe baharini," na dakika haikuisha. Alizihitaji mno maili za safari ile. Zingemtosha kufanya mtihani wa ubaharia na kupata cheti, na bila hizo angebaki kuwa dada wa ngisi hadi meno yamtoke. Mara mbili alishaikosa nafasi kama hiyo. Ya tatu aliishika kwa mikono miwili.

Kilichobaki ni mama yake, na kwa mama yake hakuona shida yoyote. Hapo ndipo alipojidanganya.

Bi Tunu alikuwa mwoshaji. Pale Mkuza, mtaani kwao Kibaha, mwanamke wa Kiislamu akifariki, kabla ya turubai, kabla hata ya kumwita shehe, huwa anatumwa mtu kwa Bi Tunu. Miaka ishirini alikuwa ameosha mabibi, mabinti, wazazi waliokufa na watoto wao tumboni. Alikuwa akirudi nyumbani, anaoga, anakula ugali wake na kuuliza kama kuku wamefungiwa. Nuria alikua akiamini kwamba mama yake na kifo ni majirani wa siku nyingi, wanaazimana chumvi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mama akiwa barazani anachambua mchicha, alimweleza jambo lote bila kuzunguka: swali, sharti, siku.

Bi Tunu alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Nikalitamke hilo mimi? Kwa mdomo huu?"

"Ni maneno tu, mama."

"Maneno huumba," alisema Bi Tunu, akachukua ungo wake akaingia ndani.

Mambo yakaishia hapo. Jumanne Nuria alijaribu tena, mama akaanza kufagia. Jumatano alijaribu kwa upole, akamwambia hata Mtume hakukataza mtu kuzikwa baharini ikilazimu, na mama akamjibu kwamba anayajua hayo kabla Nuria hajaota meno, na kwamba hajauliza fatuwa. Alichotaka yeye ni mwanawe alazwe Dutumi, kwenye makaburi ya kwao, alipolazwa baba yake, Hussen, tena alazwe na wajukuu baada ya miaka mingi, yeye mama akiwa ametangulia zamani. Alilisema hilo akiwa ameupa mgongo mlango. Kisha akawasha redio.

Jioni hiyo uliingia ujumbe wa kapteni. Aliandika kwa adabu kwamba kuna kijana wa Durban anayesubiri, na yeye kapteni akikosa kusikia kutoka kwa ndugu zake Nuria hadi Ijumaa, atamchukua huyo. Nuria aliusoma mara nne. Kibaya zaidi, woga wa mama ulikuwa umeanza kumwambukiza. Alipofumba macho aliliona lile swali. Alikuwa amelijibu haraka mno, na sasa alijiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayejizika kwa dakika moja huku anakoroga mchuzi.

Alhamisi akaenda Kisarawe kwa mjomba.

Kwa Wazaramo mjomba ana neno lake, hasa baba akiwa hayupo, na Mjomba Mfaume aliishi Masaki. Si ile Masaki ya Dar yenye maghorofa na mbwa wanaokula nyama. Masaki ya Kisarawe, ya mikorosho na mihogo. Nuria alishuka Kiluvya, akachukua bodaboda, akaikata njia ya vumbi hadi nywele zikawa nyekundu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno.

Mjomba Mfaume alikuwa mtu wa kukwepa. Ukimtafuta kwa ugomvi utamkuta shambani, ukimtafuta kwa mchango utamkuta anaumwa. Siku hiyo alikuwa anaziba tundu kwenye banda la bata, na Nuria alipomaliza kueleza, tundu moja likawa matatu. Aligonga msumari, akaung'oa, akaugonga tena. Akauliza habari za Kibaha. Akauliza kama huko baharini kuna mtandao.

"Mjomba, nahitaji neno lako. Kesho saa tano muda unaisha."

"Mwanangu, unachoniomba ni uchuro," alisema mjomba, bila kumtazama. "Mimi nikikuzika leo kwa mdomo, kesho kitu kikikupata nitamtazamaje dada yangu?"

Nuria aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia. Hakupanga kulia. Mjomba, ambaye machozi ya mtu yalikuwa yakimfukuza haraka kuliko nyuki, safari hii hakupata pa kukimbilia, akakuna kidevu, mara uso ukamchangamka.

Jambo la uchuro lina mwenyewe, alisema. Kuna watu waliopewa ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Msibani nani huwa analala ndani ya kaburi na kugoma kutoka hadi apewe chake? Nani anavaa kanzu ya marehemu na kuiga anavyotembea, hadi wafiwa wanacheka na kamasi zao? Mtani. Neno la mtani haliumbi wala halibomoi, Mungu mwenyewe halihesabu. Na mtani wenu si mnaye hapo hapo Mkuza, ukuta kwa ukuta, tena Kiingereza anakijua?

Nuria akashangaa kwamba hakuliwaza hilo tangu Jumatatu. Aliondoka Masaki na bata mmoja wa zawadi na moyo mwepesi, akamshukuru mjomba kwa kumpa rukhsa ya kumtumia mtu mwingine, maana kweli, ukiacha bata, hicho ndicho pekee alichompa.

Mtani mwenyewe alikuwa Mzee Ponsiano, Mnyamwezi wa Tabora, mwalimu mstaafu. Yeye na Bi Tunu walikuwa wametukanana kwa mapenzi tangu mwaka ule alipohamia. Bi Tunu humwita mpagazi wa babu yake, Ponsiano naye humwambia Wazaramo walizaliwa wamechoka. Hussen alipofariki, Ponsiano ndiye aliyekaa mlangoni pa chumba cha maiti akidai marehemu anadaiwa mbuzi, na Bi Tunu, aliyekuwa hajalia siku nzima, akacheka kisha akalia. Alipoelezwa shida ya Nuria alikubali kabla sentensi haijaisha. Alisema hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba atavaa koti.

Ijumaa saa tatu asubuhi akaja na koti lake. Mama alikuwa nyuma, anapepeta mchele. Alijua kinachoendelea, kwa sababu katika nyumba ya vyumba vitatu hakuna siri, ila hakuuacha ungo wake. Nuria aliiegemeza simu kwenye birika. Kapteni akatokea, uso mwekundu, maji ya kijani nyuma yake. Nuria akamtambulisha Mzee Ponsiano kuwa ni mtu wa familia. Kwa mila zetu hakusema uongo.

Kapteni akauliza taratibu, kama mtu aliyeuliza mara nyingi: je, familia inajua kwamba Nuria akifariki huko watalazimika kumzika baharini, na je, imekubali?

Mzee Ponsiano akakohoa. Kisha, kwa Kiingereza safi cha ubaoni, akamjibu kwamba familia imekubali na inashukuru. Akasema huyu binti hata asipokufa wamtupe tu, nyumbani wamemchoka, anakula kama mchwa. Akasema samaki wakimkataa wasimrudishe, wajaribu papa. Warudishe simu tu, kwa kuwa simu ni nzuri. Akamaliza kwa kucheka, akapiga paja, akasubiri mwenzake acheke.

Kapteni alimtazama Ponsiano, kisha Nuria, kisha akasema asante na kukata.

Nuria alijua. Alijua kabla ya ujumbe, lakini ujumbe ulipoingia nusu saa baadaye bado ulimpiga. Kapteni aliandika kwamba anasikitika. Ameshangazwa na namna familia yake inavyomzungumzia na anamwombea awe salama hapo alipo. Hawezi kumpeleka mbali na nchi kavu mtu ambaye kwao hakuna anayejali akirudi au asiporudi. Amemwandikia kijana wa Durban. Kama Nuria ana ndugu wa kweli anayemtakia mema, azungumze kabla ya saa sita za Shelisheli, vinginevyo amsamehe.

Mzee Ponsiano aliusoma mwenyewe, miwani ikateleza hadi ncha ya pua. "Nimekuua, binti," alisema. "Nilifikiri naongea na mtu." Akatoka, akaketi barazani, koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote.

Saa nne na dakika kumi. Nuria alipiga simu kwa mjomba, iliita hadi ikakata. Alipiga tena, ikawa haipatikani. Alianza kuandika maelezo kwa kapteni kuhusu utani, Wazaramo na Wanyamwezi, mila za msiba, akafuta, akaandika upya, na kila alivyoandika ndivyo ilivyozidi kuonekana mbaya. Akainua macho akamwona mama amesimama mlangoni, ungo kiunoni, punje za mchele kwenye kanga.

"Amesemaje?"

Nuria akamwambia. Hakupunguza neno. Alikuwa na hasira na mama, na hasira ile ikamfanya atafsiri vizuri: kwamba kwao hakuna anayejali akirudi au asiporudi.

Bi Tunu akauweka ungo chini. Aliuliza ni nani aliyesema maneno hayo, akaambiwa ni kapteni. Akauliza kama yule mzungu anadhani mtoto huyu hana mwenyewe. Nuria akajibu kwamba ndivyo anavyodhani.

Hayo ndiyo yaliyomfika. Mara mbili katika miaka ishirini Bi Tunu aliitwa hospitali kuosha maiti asiye na mwenyewe, mwanamke aliyeokotwa barabarani, hakuna jina, hakuna wa kumshika mguu. Aliwaosha wote wawili kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hizo ndizo siku pekee alizorudi nyumbani asile. Nuria alikumbuka. Alikuwa hajawahi kuuliza kwa nini.

"Piga," alisema mama yake.

Alinawa mikono, akatandaza mkeka katikati ya sebule, akajifunga ushungi vizuri, akaketi mbele ya birika. Ilikuwa saa nne na nusu. Simu iliita mara sita, na kila mlio Nuria aliuhesabu. Kapteni alipokea akiwa amekunja uso.

"Mwambie mimi ndiye mama yake. Nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili. Mwambie yule mzee ni mtani wetu, kazi yake kusema upuuzi ili sisi tusife kwa huzuni. Asimchukie."

Nuria akatafsiri. Uso wa kapteni ulilegea kidogo. Akarudia swali lake, taratibu vilevile.

Bi Tunu akafumba macho. Nuria akataka kumwambia basi mama, acha, siendi. Lakini alichelewa.

"Mwanangu Nuria binti Hussen," alisema Bi Tunu, "akifa huko, nimekubali mumzike baharini. Mfungeni kitu kizito asielee. Sala tutamsalia huku. Sanda ataibeba mwenyewe begini, nimeshaikata jana."

Nuria alimgeukia. Jana. Alipokuwa Kisarawe anamlilia mjomba, mama alikuwa peke yake humu ndani na mkasi. Alitafsiri yote isipokuwa hilo la jana. Kapteni akavua kofia. Akasema kwamba katika miaka yote hajapewa jibu kama hilo. Akasema tikiti ya Jumapili iko palepale, na kwamba atamrudisha Nuria akiwa hai kadiri ya uwezo wake wote.

Ingetosha. Nuria alikwisha kunyoosha mkono akate simu.

"Ngoja. Muulize mkewe yuko wapi."

Kirsten akaja, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kusomea shingoni. Bi Tunu akamtazama kwanza, hasa mikono, kama anavyowatazama wanawake wapya wanaokuja kujifunza kuosha. Kisha akasema mwanaume atoke. Nuria akaona haya kutafsiri, lakini akatafsiri, na kapteni akatoka kwenye boti yake mwenyewe bila ubishi. Bi Tunu akamwita pia Mzee Ponsiano kwa sauti, akamwambia aondoke barazani, akasimame huko kwenye mnazi. Kiti kikasikika kikisogea.

"Lala," alimwambia Nuria.

"Mama?"

"Kwenye mkeka. Ataonaje nisipomwonyesha? Ustadhi aliniambia ikilazimu hata asiye Mwislamu anaosha. Lakini aoshe vizuri."

Nuria akalala chali. Mama akamfunika kanga kuanzia kifuani hadi magotini, akaigeuza simu imwone yeye na mwanawe. Akaanza. Alisema maji ya bahari yanafaa, ni safi. Alisema usimfunue, osha chini ya nguo, mkono wako uvae kitambaa. Tumbo libonyezwe polepole, hakuna haraka, maiti hana pa kwenda. Kisha atawadhishwe. Kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, ikihitajika mara tano, na maji ya mwisho yatiwe kafuri, nayo atafungiwa begini. Nuria alikuwa akitafsiri kila neno huku akitazama bati la juu. Mikono ya mama ilikuwa inapita begani, ubavuni, kifundoni, mizito na yenye uhakika, na alitambua kwamba hajawahi kuguswa nayo namna ile, na kwamba wanawake wote wa Mkuza waliotangulia waliijua kabla yake. Siku tano alikuwa ameogopa kuikosa safari. Sasa, safari ikiwa yake, aliyaona yale maji kwa mara ya kwanza, meusi, hayana chini. Kirsten alikuwa ameshika kalamu, anaandika, mashavu yameloa.

Bi Tunu akafika kichwani. Akazifungua nywele za Nuria, akazigawa mafungu matatu, akaonyesha zinavyosukwa na kulazwa nyuma. Hapo mikono ikapunguza mwendo.

"Mwambie asizikaze," alisema. "Mwambie huyu tangu mdogo hapendi kuvutwa nywele."

Nuria akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kwenye simu Kirsten alikuwa amesimamisha kalamu, anasubiri.

"Mwambie, mwanangu," alisema mama yake, na Nuria akamwambia.